Pacha Wangu Kapona

Sehemu ya saba

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba yangu, viatu mkononi, nikimsikiliza mke wangu anavyocheka sebuleni na mwanamume.

Aliyeanza kusoma leo asihangaike, nitamwelekeza. Mimi ni askari wa zimamoto. Kazini wananiita Chuma, kwa sababu miaka kumi na minne hakuna aliyewahi kuniona nikitetemeka. Miezi saba iliyopita niliingia kwenye ghala la magodoro lililokuwa linaungua, mimi na pacha wangu. Mimi nilitoka bila hata mkwaruzo. Yeye alitolewa kwa machela, mgongo umeungua, kifua kimejaa moshi.

Pacha si ndugu yangu wa tumbo moja. Kikosini kwetu hakuna anayeingia motoni peke yake. Mnaingia wawili, mmeshika mpira mmoja wa maji, na huyo mwenzako ndiye pacha wako. Kamanda akiuliza kwenye redio, "Pacha?", unamshika mwenzako kwanza, begani au popote mkono utakapofika, ndipo unajibu, "Huyu hapa." Hujamshika, hujibu. Tunafundishwa hilo kabla hatujafundishwa kufungua maji.

Sasa mwanamume aliyekuwa akimvunja mbavu mke wangu, saa kumi jioni, kwenye kiti changu, alikuwa pacha wangu.

Nikaingia.

"Karibu, baba watoto," mke wangu akasema, huku anafuta machozi ya kicheko kwa kiganja.

"Nakaribishwa kwangu?"

Pacha akasimama. Siku hizi anasimama taratibu, ngozi ya mgongo bado inambana. "Shemeji alikuwa ananihadithia ulivyotumbukia mtaroni siku ya kwanza kwenda kwao kujitambulisha."

"Kwa hiyo mnanicheka."

"Tunakucheka, ndiyo," akasema bila haya. "Zamani ulikuwa unacheka na sisi."

Nikamgeukia mke wangu. "Huyu amekuja kufanya nini?"

"Anakuja kila Alhamisi. Mimi ndiye niliyemwita."

Alhamisi mimi huwa zamu ya mchana. Nilihisi damu inanipanda mpaka masikioni.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kulala sakafuni na buti miguuni."

Ni kweli. Ila sikujua kama huwa ananiona.

"Nikikuuliza, unasema uko sawa," akaendelea. "Sufuria ikianguka jikoni unaruka mpaka mlangoni, halafu unaniambia uko sawa. Nikaona nimuulize mtu aliyekuwa humo ndani na wewe."

"Na amekwambia nini?"

"Amenieleza ya kwake. Ya kwako hajagusa. Anasema hayo utayasema mwenyewe."

Mtu mwenye akili timamu angeshukuru. Mimi niliona kama nimetemewa mate usoni.

Msinielewe vibaya. Sikudhani anamtaka mke wangu. Tena ningefurahi kama angemtaka. Ningemkunja shati, majirani wangekuja kutuamua, mambo yangeisha. Wivu wangu ulikuwa wa aina nyingine, na naona aibu kuuandika hapa gazetini, lakini nilishaahidi kwamba sitaficha.

Nilimwonea wivu kwa sababu amepona.

Analala. Nilimuuliza mke wake nikijifanya nataniana naye, akaniambia mumewe anakoroma mpaka madirisha yanalia. Anakula. Mshauri nasaha alipokuja kikosini na kutuketisha duara ili tuzungumze, mimi nilisema, "Namshukuru Mungu, sina tatizo." Yeye alilia mbele ya kikosi kizima, kamasi zinamtoka, akasema bado kuna siku ananusa godoro linaungua kwenye nywele za binti yake. Nilisubiri wamcheke. Wakamchemshia chai.

Na sasa Kamanda anamtumia kufundisha askari wapya. Pacha anawauliza, "Wewe unaogopa nini?" na madume yenye vifua kama makabati yanajibu, moja giza, jingine kelele, na wanafundishwa kuanzia hapo. Miaka kumi na minne, mimi hakuna aliyewahi kuniomba nimfundishe hata kufunga kamba za viatu.

Mimi ndiye niliyetoka mzima, yeye ndiye aliyepona. Nilikuwa najiuliza nani amegawa hivi.

"Nimekuja pia kukuletea habari," Pacha akasema, huku anavaa koti lake kwa uangalifu. "Kesho kutwa nafanya mtihani wa chumba cha moshi. Nikifaulu, narudi mstari wa mbele."

Moyo uliniruka kwa furaha, msomaji, sikudanganyi. Nilisahau kiti changu, nikasahau Alhamisi zote.

"Tunaingia saa ngapi?" nikamuuliza.

Akaangalia chini. "Naingia na Sindano."

Sindano ni dada mwembamba wa kikosini kwetu, mpanda ngazi. Siku ya ghala ndiye aliyepenya kwenye dirisha ambalo hata paka angefikiria mara mbili, akamkuta Pacha chini ya rafu, akamvuta nje. Sina kosa lolote la kumtajia. Ndiyo maana simpendi.

"Pacha wako ni mimi," nikasema. Sauti ilinitoka nyembamba, mke wangu akageuka kuniangalia.

"Ulikuwa," akasema. "Kuwa tena, ni juu yako."

Akaaga na kwenda zake. Nilibaki nimesimama pale kama mke mkubwa aliyeletewa mwenzake na kuambiwa ampikie.

"Alimaanisha nini?" mke wangu akauliza.

"Niko sawa," nikamjibu, na hata mimi niliona kwamba hilo halikuwa jibu la alichouliza.

Msinitukane bado, yapo mabaya zaidi.

Kesho yake, wakati wenzangu wanaosha gari, nilijifungia stoo ya kofia na makoti. Nikachukua karatasi na kalamu, nikaandika kwa herufi kubwa ili mwandiko usijulikane:

KAMANDA, USIMRUDISHE MSTARI WA MBELE. SIKU YA GHALA ALIINGIWA NA WOGA, AKAACHIA MPIRA WA MAJI, AKAKIMBIA KABLA DARI HALIJAANGUKA. AKILI YAKE HAIJAKAA SAWA. ATAUA MTU.

Sikutia jina. Nikaisukuma chini ya mlango wa ofisi ya Kamanda, nikarudi nje kuosha gari na wenzangu, tena kwa bidii kuliko wote.

Sasa nawaomba radhi kwa jambo moja. Sehemu ya tatu niliwaambia kwamba mpira ulipasuka mikononi mwetu. Nilidanganya, kama nilivyomdanganya Kamanda kwenye ripoti. Mpira haukupasuka. Uliachiwa, na aliyeuachia ni mimi. Magodoro yalianza kudondosha moto juu yetu kama mvua, nikaona mlango, nikakimbia. Nyuma yangu dari likaporomoka.

Nilipokaribia kutoka, redio ililia kifuani. "Chuma! Pacha?"

Nikajibu, "Huyu hapa." Mkono wangu ulikuwa umeshika hewa.

Kwa sababu ya maneno hayo mawili, Kamanda hakutuma mtu ndani. Zilipita dakika tatu kabla hawajanihesabu pale nje na kukuta niko peke yangu. Nikasema moshi ulinichanganya, nilidhani nimemshika. Wote wakaniamini, kwa sababu mimi ni Chuma.

Haya niliyoyaandika kuhusu pacha wangu kwenye karatasi ile, yote yalikuwa yangu.

Siku ya mtihani, saa tatu asubuhi, kikosi kizima kilijipanga uwanjani. Chumba chetu cha moshi ni makontena manne yaliyounganishwa, ndani kuna meza, matairi, kona za kupoteza watu, na moshi wa mashine ambao haumdhuru mtu ila huuoni hata mkono wako. Mwishoni amelazwa Babu. Babu ni suruali na shati vilivyojazwa mchanga, uzito wake kilo sabini, na ameshavunja watu wengi migongo kuliko kazi yenyewe. Mnapewa dakika kumi na mbili kumtoa.

Nilisimama pembeni nikisubiri Kamanda amwite Pacha na kumwambia mtihani umefutwa. Hakumwita. Nikajiambia labda hajaiona barua.

Sindano akavaa barakoa ya hewa, akaipima kwa kuziba bomba na kuvuta pumzi. Akaivua. Akaivaa tena, akaivua.

"Inavuja, Kamanda. Mpira wa shavuni umechanika."

"Nyingine ya saizi yako?"

"Hakuna. Zilizobaki zote zinanipwaya."

Kamanda akatazama mstari wetu kutoka mwanzo mpaka mwisho, halafu akarudi mpaka kwangu.

"Chuma. Vaa."

Wenzangu walipiga makofi. Wanapenda mambo ya kuungana tena, wanalia hata kwenye tamthilia. Mikono yangu ilifunga mikanda yenyewe kwa mazoea, na Pacha akanikagua mgongoni kama zamani, akanigonga mtungi wa hewa mara mbili. Tukaingia.

Kona ya kwanza nilipita. Kona ya pili mkono wangu ukagusa kitu laini. Bila shaka ilikuwa sponji tu iliyowekwa pale kutubabaisha, lakini kwangu lilikuwa godoro.

Nikakaa chini. Sikuamua kukaa, miguu ndiyo iliyoamua. Pumzi zilikuwa zinanitoka kama za mbwa aliyekimbizwa, na ndani ya barakoa zinasikika maradufu.

Pacha akarudi akitambaa, akanipapasa mpaka akanipata. Akabandika kofia yake kwenye kofia yangu, maana ndani ya barakoa ndivyo tunavyosikilizana.

"Unapumua haraka. Vuta na mimi. Moja. Mbili."

"Niache. Dakika zinakwisha."

"Siendi."

"Utafeli kwa sababu yangu!"

"Basi nitafeli. Vuta. Moja. Mbili."

Nikavuta. Nikatoa. Sijui tulikaa muda gani pale. Halafu akasema, kwa sauti ile ile ya kuhesabu:

"Siku ile nilikusikia."

"Ulisikia nini?"

"Redio yangu ilikuwa kifuani, nzima kabisa. Nilikuwa chini ya rafu, siwezi kusogea. Nikasikia Kamanda anauliza, ukajibu 'Huyu hapa'. Nikageuza shingo kuangalia kama kweli upo."

Nilitamani dari la kontena liporomoke, litufunike wote wawili tumalizane.

"Umejua siku zote hizi?"

"Siku zote."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Kwa mshauri. Nililia wiki nzima kwa ajili yako, mshenzi wewe. Asubuhi nataka ufe, jioni nataka uje unitazame hospitali. Baadaye ikaanza kupungua. Haijaisha, usije ukadhani imeisha. Unadhani Alhamisi naenda kwako kunywa chai? Nilikuwa nasubiri siku moja uwahi kurudi, uniambie mwenyewe."

"Naomba..."

"Si hapa. Hapa tuna Babu wa kumtoa. Simama."

Nilisimama. Tulimpata Babu nyuma ya matairi, yeye akashika miguu, mimi kwapa, tukamburura huku tunagonga kila meza njiani. Mlangoni Kamanda akapaza sauti, "Pacha?" na kabla sijafungua mdomo nilihisi nimekamatwa ukosi wa koti, mkamato wa kweli kweli, na yeye akajibu, "Huyu hapa!"

Zilibaki sekunde tisa. Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Sindano alikuja mbio akamkumbatia, akanikumbatia na mimi.

Mngedhani wivu ungeniisha hapo. Ulizidi. Miezi saba nimeibeba siri ile mgongoni, nimelala nayo sakafuni, nimeikimbia mpaka nimekonda, kumbe mwenzangu alikuwa anaijua, ameililia, ameshaanza kupona nayo. Sikubaki hata na siri ya kuwa yangu peke yangu.

Wakati wenzetu wanampigia makofi, Kamanda alitugusa mabega. "Ninyi wawili. Ofisini."

Alifunga mlango. Akavuta droo, akaweka karatasi mezani, na nikazitambua herufi zangu kubwa kabla hajaifungua.

"Hii ilipitishwa chini ya mlango jana," akasema, kisha akaisoma yote, polepole, bila kututazama. Alipomaliza akaikunja.

"Nimewaacha muingie kwanza kwa makusudi. Nilitaka kuona kwa macho yangu nani ana woga." Akanitazama mimi, kisha Pacha. "Sasa nisikilizeni. Ripoti ya ghala inasema mpira ulipasuka. Kikosi kizima kinajua ulipasuka. Mwenye barua hii anasema uliachiwa. Hilo hawezi kulijua mtu aliyekuwa nje. Na ndani mlikuwa wawili tu."

Msomaji, niliosha gari kwa bidii yote ile, nikabadilisha mwandiko, nikajiona mjanja, kumbe nilikuwa nimetia sahihi kwenye kila mstari.

Kamanda akafungua mdomo kuniuliza.

"Niliandika mimi," Pacha akasema.

Kamanda akamgeukia. "Wewe? Umejishtaki mwenyewe, halafu ukaja kufanya mtihani?"

"Niliogopa kurudi, Kamanda. Nilitaka mtu anizuie."

Alisema hayo akinitazama mimi, si Kamanda. Hakukunja uso wala hakutabasamu. Alikuwa ananisubiri. Nilielewa kabisa: amenifungulia mlango, amesimama pembeni, kazi yangu ni kupita tu. Maneno matatu, "Anadanganya, ni mimi," na miezi saba inakwisha.

"Unajua maana yake?" Kamanda akamuuliza. "Kama uliachia mpira ndani, hurudi mbele. Si leo, si mwakani. Unakwenda stoo kujaza mitungi mpaka ustaafu."

"Najua."

Kamanda akachukua kalamu, akavuta karibu orodha ya mstari wa mbele. Jina la Pacha lilikuwa limeandikwa juu kabisa, wino bado mbichi. Chini yake Sindano. Langu la tano.

"Chuma," akasema bila kuinua kichwa. "Wewe ulikuwa naye. Ni kweli aliachia?"

Nilimtazama pacha wangu. Niliuona mgongo wake ulivyokaa upande ndani ya shati, na ule utulivu wake, ule ambao ningetoa chochote niupate. Hata kosa langu alikuwa amelibeba yeye, tena amelibeba vizuri kuliko nilivyowahi kulibeba mimi. Na nilichokitamani tangu juzi kilikuwa pale mezani: Sindano akose pacha, na yeye ashuke kutoka pale juu aje chini nilipo mimi.

"Moshi ulikuwa mwingi, Kamanda," nikasema. "Sikuona."

Kalamu ikapita juu ya jina lake, mara moja, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Pacha akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa kitu alichokitegemea. Akachukua kofia yake mezani. Alipofika mlangoni akasimama kando yangu, karibu kabisa, akasema bila hasira:

"Hii ya pili, Chuma."

Akatoka. Nikamfuata haraka, mkono wangu ukiwa tayari kwenye kitasa.

"Ngoja kwanza," Kamanda akasema nyuma yangu. Kiti chake kilisogea. "Ya pili ya nini?"